Mseto wa malaria: Jani lililookoa maelfu hatarini kupoteza makali

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA maduka ya dawa yaliyopangana kandokando ya barabara za Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala, si jambo la ajabu kumsikia mteja akiomba auziwe vidonge vichache tu vya mseto, vya kumtoa homa leo ili kesho aweze kwenda kazini.

Hatua chache kutoka hapo, juu ya turubai au ndani ya kibanda cha mabati, muuza mitishamba naye amepanga majani ya muarobaini, unga wa mlonge na mizizi iliyofungwa kwa kamba. Wapo wagonjwa wanaokwenda kwa wote wawili siku hiyo hiyo.

Watu wengi huwachukulia wauzaji hawa kana kwamba wanatoka katika dunia mbili zinazopingana, mmoja akiuza dawa ya Wazungu na mwingine dawa ya wazee. Ukweli ni kwamba kidonge cha manjano cha mseto kinachouzwa dukani nacho kilianza kama jani.

Tofauti yao haimo katika asili bali katika kipimo. Na kipimo hicho ndicho kinachowatia wasiwasi wataalamu wa malaria nchini, hasa baada ya matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kagera kuchapishwa mwaka 2024.

Kutoka gome hadi kidonge

Historia ya tiba ya malaria ni historia ya mimea. Dawa ya kwanza ya uhakika, kwinini, ilitokana na gome la mti wa sinkona wa Amerika Kusini. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifanikiwa kukitenga kiambato chake, na tangu hapo mgonjwa akapewa kipimo kinachojulikana badala ya kunywa unga wa gome kwa kubahatisha.

Mti huo si mgeni nchini. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, walikoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Njia za baharini zilipofungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwinini ilitengenezwa kutokana na magome ya huko huko.

Baadaye ilikuja klorokwini, iliyotengenezwa maabara, ya bei nafuu na chungu mno. Kizazi kizima cha wakazi wa jiji hili kinakumbuka mwasho wake. Kwa miongo kadhaa kila homa ilitibiwa kwa klorokwini, iwe imepimwa au haijapimwa, iwe dozi kamili au nusu yake.

Matokeo yake yanajulikana. Vimelea vya malaria vilizoea dawa hiyo, na mwaka 2001 Tanzania ililazimika kuiacha na kuhamia dawa za kundi la SP, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Fansidar. Nazo hazikudumu.

Mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ilihamia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, kwa kifupi ALu. SP ikabaki kwa kazi moja muhimu, ambayo ni kuwakinga wajawazito wanapohudhuria kliniki.

Kwa maneno mengine, ndani ya miaka isiyozidi sita taifa lilizika dawa mbili za malaria. Mseto ulipokelewa kama mkombozi.

Siri ya maji baridi

Artemetha hutokana na artemisinini, kiambato kilichomo katika majani ya mmea uitwao kitaalamu Artemisia annua. Wachina wameutumia mmea huo kutibu homa kwa karne nyingi.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa madawa, mwanamama Tu Youyou, alikabidhiwa uongozi wa kikundi kimoja cha watafiti mjini Beijing.

Kikundi hicho kilipekua maelfu ya maagizo ya waganga wa jadi na kuvijaribu viambato vya mamia ya mimea kwa wanyama wa maabara. Mmea wa artemisia ulionyesha dalili njema, lakini matokeo yake yalikuwa ya kupanda na kushuka.

Jibu lilipatikana katika kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mganga huyo hakuelekeza jani lichemshwe. Alielekeza liloweshwe katika maji, likamuliwe na juisi yake inywewe.

Hapo Tu Youyou alitambua kuwa huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Akatumia kimiminika cha etha katika joto la chini badala ya kuchemsha, na mwaka 1971 dondoo alilolipata liliua vimelea vyote katika miili ya panya wa maabara. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walilinywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa.

Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Funzo lake kwa msomaji wa Temeke au Kinondoni ni dogo lakini zito: hekima ya mganga wa kale ilikuwa ya kweli, ila haikugeuka kuwa tiba ya kuaminika mpaka ilipopimwa, ikatengwa na kuwekewa kiwango.

Afrika Mashariki haikubaki mtazamaji. Kati ya mwaka 2004 na 2007, mahitaji ya artemisinini yalipopanda duniani, wakulima wa Arusha na maeneo mengine ya nyanda za juu za Tanzania, pamoja na wenzao wa Kenya, walihamasishwa kulima mmea huo. Bei iliposhuka baadaye, wengi waliuacha.

Jinsi dawa inavyoua vimelea

Kimelea cha malaria kikishaingia katika chembechembe nyekundu za damu hula ile protini inayobeba hewa ya oksijeni. Mabaki ya mlo huo ni madini ya chuma, ambayo hubaki kwa wingi ndani ya kimelea chenyewe.

Artemisinini ina umbile la pekee, kwani ndani yake kuna daraja linalounganisha atomu mbili za oksijeni. Daraja hilo likikutana na madini ya chuma huvunjika na kutoa chembe kali zinazounguza protini za kimelea kutoka ndani. Chembechembe zenye afya hazina mabaki hayo ya chuma, hivyo husalimika kwa kiasi kikubwa.

Kwa namna hiyo kimelea hujichimbia kaburi kwa ulafi wake. Kadiri kinavyokula damu, ndivyo kinavyojiwekea baruti.

Tatizo ni kwamba artemetha haikai mwilini. Huua vimelea kwa kasi kubwa kuliko dawa nyingine za malaria, lakini ndani ya saa chache huwa imekwisha katika damu. Ndiyo sababu ya kuichanganya na lumefantrini, ambayo huua taratibu lakini hubaki katika damu kwa siku kadhaa.

Tunaweza kuzifananisha dawa hizi na ulinzi wa mtaa. Artemetha ni askari wa msako wanaokamata wahalifu wengi kwa usiku mmoja na kuondoka. Lumefantrini ni sungusungu wanaobaki kulinda ili waliojificha wasirudi. Mtaa ukiondoa sungusungu mapema, wahalifu wachache waliosalia huzaliana upya.

Hicho ndicho kinachotokea mgonjwa anapomeza dozi ya siku moja. Homa hushuka kwa sababu vimelea vingi vimekufa, naye hujiona amepona, ilhali mamilioni ya vimelea bado yamo mwilini. Vile vilivyobaki ndivyo vilivyo imara zaidi.

Dozi kamili ya mtu mzima ni vidonge 24, yaani vidonge vinne kwa kila mlo wa dawa, mara sita ndani ya siku tatu. Mlo wa pili humezwa saa nane baada ya ule wa kwanza, na inayofuata asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Watoto hupewa kwa uzito wao, kuanzia kidonge kimoja kwa kila mlo kwa mtoto wa kilo tano hadi chini ya kilo 15.

Jambo jingine linalosahaulika ni chakula. Lumefantrini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, mwili huweza kuifyonza hadi mara 16 zaidi kuliko ikimezwa na tumbo tupu.

Hapahitajiki karamu. Kikombe cha maziwa, chai ya maziwa na maandazi, au sahani ya wali wa nazi vinatosha. Anayemeza mseto kwa maji matupu kwa kuwa homa imemnyima hamu ya kula amenunua dozi kamili lakini mwili wake umepokea sehemu ndogo tu.

Kwa nini chai si dozi

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa dawa imo katika jani, kwa nini mtu asichemshe jani akanywa?

Swali hilo lilipata nguvu Mei 2020, wakati wa janga la corona, Tanzania ilipotuma ndege nchini Madagascar kuchukua kinywaji cha Covid-Organics kilichotengenezwa kwa artemisia. Tangu hapo jina la mmea huo limezoeleka masikioni mwa watu wengi ambao hawakuwahi kulisikia kabla.

Jibu la kwanza ni la kikemia. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji. Kiasi chake katika majani makavu nacho ni kidogo, hata katika mimea bora haizidi sana asilimia moja ya uzito, na hubadilika kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kuhifadhi. Vikombe viwili vinavyofanana kwa rangi na uchungu vinaweza kutofautiana mno kwa nguvu.

Jibu la pili limetoka kwa jirani zetu. Katika utafiti uliofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, wagonjwa wa malaria waligawanywa, wengine wakapewa chai ya artemisia na wengine kwinini. Siku ya saba, asilimia 74 ya waliokunywa chai walikuwa hawana vimelea, ikilinganishwa na asilimia 91 ya waliomeza kwinini.

Kwa mtazamo wa haraka chai ilionekana kufanya kazi, na hapo ndipo penye mtego. Katika wiki zilizofuata vimelea viliwarudia wengi wa wale waliokunywa chai.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limetoa tamko mwaka 2012, na kulitilia mkazo tena mwaka 2019, kuwa haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia, iwe kwa chai, unga au vidonge vya majani, katika kutibu au kukinga malaria. Dozi hafifu ya artemisinini bila dawa mwenza humwacha mgonjwa na vimelea, na pia huvifundisha vimelea kuishi na dawa.

Muarobaini nao una hadithi inayofanana. Mti huu wenye asili ya Asia Kusini umepewa jina lake kwa imani kuwa unatibu maradhi 40, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa majani yake yana viambato vinavyodhoofisha vimelea. Lakini chombo cha kioo si mwili wa binadamu. Haujatoa dawa ya malaria iliyopita majaribio ya kitabibu kama ilivyopita artemisinini.

Hiyo si sababu ya kuidharau tiba asilia. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina taasisi ya tiba asilia iliyotokana na kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, na nchi ina Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Serikali imekwisha kukubali kuwa katika misitu yetu huenda kuna artemisinini nyingine. Kinachodaiwa ni kuipitisha katika njia ile ile ya vipimo.

Nguvu ya kiambato hicho kinapopimwa vizuri ilidhihirika hapa hapa nchini. Katika utafiti mkubwa uliowahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo takwimu za Hospitali ya Teule wilayani Muheza, sindano ya artesunati, ambayo nayo ni zao la artemisinini, ililinganishwa na sindano ya kwinini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliofariki katika kundi la kwinini walikuwa asilimia 10.9, na katika kundi la artesunati asilimia 8.5. Kwa kila watoto 100 waliolazwa mahututi, zaidi ya wawili waliokuwa wafe waliokoka kwa kubadilishiwa dawa tu.

Kengele kutoka Kagera

Dawa hii sasa imeanza kutikiswa. Dalili za vimelea kuchelewa kufa kwa artemisinini zilionekana kwanza magharibi mwa Cambodia mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2020 watafiti waliripoti vimelea vya namna hiyo nchini Rwanda, na mwaka 2021 kaskazini mwa Uganda.

Zamu ya Tanzania ilifuata. Watafiti wakiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walichunguza sampuli za damu kutoka mikoa 13 zilizokusanywa mwaka 2021. Mkoani Kagera walikuta badiliko la vinasaba lile lile lililoonekana Rwanda katika asilimia 7.7 ya vimelea. Wilayani Karagwe kiwango kilikuwa asilimia 22.8, yaani zaidi ya kimelea kimoja katika kila vitano.

Utafiti mwingine uliofuata wilayani humo ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa walikuwa bado na vimelea siku tatu baada ya kuanza tiba. Kwa kawaida ndani ya siku tatu karibu wote huwa wamesafika.

Ni muhimu jambo hili lieleweke bila kutia chumvi. Mseto haujashindwa. Wagonjwa wa Karagwe waliomaliza dozi walipona kwa zaidi ya asilimia 90, kwa sababu lumefantrini ilimalizia kazi ambayo mwenzake aliianza kwa kuchechemea.

Lakini hapo ndipo hatari ilipo. Askari wa msako wakishalegea, mzigo wote huwaangukia sungusungu. Wao nao wakizoeleka, taifa litajikuta pale lilipokuwa mwaka 2001.

Karagwe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, lakini kimelea husafiri ndani ya damu ya abiria. Mabasi kutoka Kanda ya Ziwa huingia Mbezi kila siku, na mbu wa Yombo hamuulizi mtu anakotoka kabla ya kumuuma.

Si kila homa ni malaria

Kuna ukweli mwingine ambao wakazi wa jiji hili hawajaupokea sawasawa. Malaria imepungua sana. Kitaifa, kiwango cha watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea kilishuka kutoka asilimia 18 katika utafiti wa mwaka 2007/08 hadi asilimia nane mwaka 2022, na Dar es Salaam iko chini ya wastani huo.

Utafiti uliofanyika mwaka 2008 kwa watoto 1,005 wenye homa jijini Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapishwa mwaka 2014, uligundua kuwa takribani mmoja tu kati ya kumi alikuwa na malaria. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa.

Aidha, jiji limepigwa na milipuko ya homa ya dengue, ukiwemo ule mkubwa wa mwaka 2014 na mwingine wa mwaka 2019. Dengue haitibiki kwa mseto wala kwa muarobaini. Anayeitibu kama malaria hupoteza fedha, hupoteza muda na huchelewa kupata huduma anayoihitaji.

Kipimo cha haraka cha malaria, kinachotumia tone la damu ya kidoleni na kutoa jibu ndani ya dakika zipatazo 20, kilianza kutumika katika vituo vya jiji hili mwaka 2007. Katika vituo vilivyofuatiliwa na watafiti, sehemu ya wagonjwa walioandikiwa dawa za malaria ilishuka kutoka takribani robo tatu hadi moja ya tano.

Hiyo ina maana kwamba kabla ya hapo, vidonge vingi vilivyomezwa jijini vilimezwa bila sababu.

Wajibu wa kila mmoja

Utafiti wa dawa mpya unaendelea. Novemba 2025 kampuni ya Novartis na washirika wake walitangaza matokeo mazuri ya majaribio ya mwisho ya mseto mpya wa ganaplasaidi na lumefantrini, uliojaribiwa katika nchi 12 za Afrika. Ganaplasaidi haitokani na artemisinini, hivyo inatarajiwa kuvimudu hata vile vimelea vilivyoizoea.

Hata hivyo, msomaji atambue kwamba sungusungu wa mseto huo mpya ni yule yule lumefantrini. Tukimchosha leo kwa nusu dozi za Mbagala na Manzese, tutakuwa tumeidhoofisha dawa ya kesho kabla haijafika dukani.

Mambo ya kufanya si mengi wala si magumu. Mwenye homa apime kwanza. Akikutwa na malaria, anunue dozi kamili na aimeze yote kwa siku tatu pamoja na chakula chenye mafuta, hata kama homa imeondoka siku ya kwanza. Asimwachie jirani vidonge vilivyobaki, kwa sababu havipaswi kubaki. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, arudie mlo huo.

Homa ikidumu baada ya siku tatu za dawa, arudi kituoni badala ya kukimbilia dozi ya pili au mizizi. Mtoto mwenye degedege, anayeshindwa kunyonya au anayetapika kila kitu asicheleweshwe nyumbani; huyo anahitaji sindano hospitalini.

Na muuza duka anayekata pakiti ili amuuzie mteja vidonge vinne, pengine kwa kumhurumia kuwa hana fedha, ajue kuwa huruma hiyo inagharimu zaidi ya faida yake. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo, nusu dozi moja baada ya nyingine hukimaliza kibaba cha dawa ambacho ilichukua karne kadhaa kukijaza.